Mwaloni wa asili uani: je, niumwagilie maji kiangazi?

Mgeni wa San Diego:
Habari zenu. Nimehamia huku California kutoka Morogoro, nami nimedhamiria kung'oa nyasi zote za uani, ambazo hunywa maji kuliko familia yangu nzima, na mahali pake nipande mwaloni wa pwani (Quercus agrifolia), mti wa asili unaosifiwa kwa kustahimili ukame. Muuza miche amenishauri niumwagilie kila baada ya siku mbili kiangazi chote. Je, ni sahihi?

Bibi Miti:
Ndugu yangu, ushauri huo ndio unaoua mialoni mingi. Kwetu Morogoro joto na mvua huja pamoja, lakini huko mvua hunyesha majira ya baridi, na kiangazi ni kikavu kabisa. Mwaloni umeyazoea hayo. Udongo ukiwa na joto na unyevu kwa wakati mmoja, vimelea vya kuozesha mizizi, kama Phytophthora na uyoga wa Armillaria, hushamiri. Ni kweli kwamba mche mchanga huhitaji maji katika viangazi viwili au vitatu vya mwanzo, ila mwagilia hadi chini kabisa, uache udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia, na shina lisilowe. Baada ya hapo, mpe maji ya ziada pale tu majira ya baridi yanapopita bila mvua.

Mpanda Mbegu:
Mimi ningeuacha mche wa dukani na kuanza na mbegu. Okota zilizoanguka vuli, zitumbukize majini, na zinazoelea uzitupe, kwa kuwa aghalabu zimeliwa na wadudu. Zipande mapema, maana zikikauka hufa. Mbegu iliyopandwa palepale hushusha mzizi mkuu moja kwa moja ardhini, jambo ambalo mche uliokaa muda mrefu kwenye chungu hulikosa. Usisahau kuzungushia wavu wa waya juu na chini, la sivyo utakuwa umewaandalia kindi na fuko karamu.

Jirani wa Los Angeles:
Naongeza machache. Mti huu hutanuka sana, pengine kuliko urefu wake, kwa hiyo uweke mbali na nyumba. Majani yanayoanguka usiyafagie, kwani ndiyo matandazo yake. Fikiria pia kwamba miji kadhaa, ukiwemo huu wetu, hairuhusu mwaloni wa asili uliokwisha kukua ukatwe bila kibali, kwa hiyo mahali utakapouweka leo ndipo utakapobaki.

Mgeni wa San Diego:
Nashukuru sana. Nimeutoa mche kwenye chungu na kukuta mizizi imejizungusha kama kamba ya kisima. Nitaurudisha dukani, na vuli ikifika nitaokota mbegu.