Mwenza mwenye ADHD na unyumba: tatizo ni hamu, umakini au saa ya dawa?

MshauriPwani:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wa walio kwenye tiba na ushauri nasaha. Kwa wanandoa ambao mmoja wao ana ADHD (hali ya ubongo inayosumbua umakini na utulivu) iliyogundulika ukubwani, kuna hali inayojirudia. Mwanzo wa uhusiano mambo ni moto, kisha anapoa ghafla. Wakiwa faraghani akili inahama katikati ya tendo, nguvu zinakatika au ute unakauka, na mwenzake anaamini kuna mchepuko. Wengine wakishaanza dawa za ADHD kama Ritalin au Concerta wanakuwa wakali jioni. Nitajuaje ipi ni ADHD yenyewe, ipi ni dawa, na ipi ni ugomvi wa nyumbani tu? Na nyumbani wafanye nini hasa? Kuwaambia "mzungumze" hakujawahi kutosha.

Nesi_Akili:
Mkuu, anza na mpangilio wa wakati. Je, hali hiyo ilikuwepo kabla ya dawa? Kama ilikuwepo, dawa haikuileta. Kupoa baada ya miezi ya mwanzo kunaeleweka: ubongo wenye ADHD huvutwa sana na kitu kipya, na mpenzi mpya ni kipya kuliko vyote. Upya ukiisha, umakini haujileti wenyewe tena hata kama upendo upo palepale. Hili mwambie mwenza wake mapema, kabla hajaanza kupekua simu.

Katikati ya tendo kinachokatika kwanza ni umakini. Mlio wa ujumbe, sauti za majirani, wazo la ada ya shule, na akili imeshatoka chumbani. Msisimko unategemea akili kubaki kwenye mguso, kwa hiyo mwili nao unafuata. Ulizia pia ngozi. Baadhi yao mguso mwepesi unawakera au kuwatekenya, lakini mkono uliokandamiza vizuri wanaufurahia. Manukato makali au jasho vinaweza kumtoa kabisa. Maswali hayo yaulizwe mchana wakiwa wamevaa nguo, maana usiku yanasikika kama lawama.

Zoezi linalofaa ni kugusana bila lengo la tendo. Kawaida kila mmoja hugusa kwa dakika 15 hivi. Kwa ADHD anzeni na 5, wekeni alamu, kisha mbadilishane. Wiki ya kwanza matiti na sehemu za siri haziguswi. Wiki ya pili zinaguswa, ila hakuna kuingiliana. Wakiruka hatua wanarudi kwenye mtihani uleule wa "nitaweza au sitaweza", na hofu hiyo yenyewe inaua msisimko.

Zoezi linaharibika zaidi pale wanapolala kimya gizani. Giza na ukimya ndivyo vinavyoipa akili nafasi ya kutangatanga. Waache taa hafifu, macho yawe wazi, na anayeguswa aseme kwa sauti: "hapo", "kandamiza", "polepole". Wakubaliane neno moja, kwa mfano "nirudishe". Akili ikihama analitamka, mwenzake anabadilisha mahali au mwendo, wanaendelea. Asiombe radhi, kwa sababu hapo mazungumzo yanahamia kwenye kosa. Simu zilale chumba kingine, mlango ufungwe kwa komeo.

MfamasiaKariakoo:
Naongeza upande wa dawa, maana saa zake watu hawazihesabu. Ritalin ya kawaida hufanya kazi saa 3 hadi 4. Concerta ni saa 10 hadi 12: ukimeza saa 1 asubuhi, inaisha kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku. Inapoisha wengine hupata hasira, njaa na uchovu. Mwenza akidai mahaba hapohapo, ugomvi ni lazima. Ale kwanza, atulie. Kisha angalieni: saa 4 usiku dawa haimo tena, lakini asubuhi au Jumamosi mchana bado ipo. Wanaosumbuliwa na akili kuhama wajaribu saa hizo. Asiongeze kidonge cha jioni kwa uamuzi wake, usingizi utapotea.

Methilifenideti, yaani dawa iliyo ndani ya Ritalin na Concerta, inaweza kushusha hamu kwa mmoja na kuipandisha kwa mwingine. Atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, inahitaji wiki kadhaa kufikia nguvu yake, na inajulikana kupunguza hamu, kusumbua usimamaji na mshindo. Kama anatumia pia fluoksetini au sertralini kwa ajili ya sonona, kuchelewa kufika kileleni mara nyingi kunatoka huko. Tena fluoksetini na paroksetini (nayo ni ya sonona) hupunguza kasi ya mwili kuvunja atomoksetini, hivyo madhara yanazidi. Asikatishe dawa kimyakimya. Aandike tarehe, dozi na tatizo, ampelekee daktari aliyemwandikia.

Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kushuka, ni hospitali usiku huohuo. Ni nadra kwa dawa hizi, ila kuchelewa kunaharibu uume moja kwa moja.

MamaUshauri:
Nakubaliana na wote, ila msisahau jikoni. Mmoja anakumbusha kununua LUKU, kulipa ada, kutoa takataka, mpaka anageuka mzazi wa mwenzake. Hakuna anayemtamani mzazi wake, na mzazi naye amechoka. Mpeni mwenye ADHD kazi moja nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. LUKU ni yake, inanunuliwa siku ya mshahara, alamu iko kwenye simu yake, na mwenzake hakumbushi tena kabisa. Hata umeme ukikatika.

Kuhusu kupanga muda, wanaosema kunaua hamu wanapanga tendo. Pangeni faragha: saa moja, watoto wamelala, hakuna ahadi ya kuingiliana.

Mkunga_Mwandamizi:
Hapa kuna mimba zisizopangwa pia. Vidonge vya kila siku vinamtegemea mtu anayesahau, na baadhi ya vile vya homoni moja vikichelewa zaidi ya saa 3 kinga inapungua. Sindano ya miezi 3, kipandikizi cha miaka 3 au 5, au kitanzi cha shaba vinampunguzia mzigo huo. Kondomu ziwe kando ya kitanda, zisiwe kabatini. Na kwa wanawake, andikeni siku za hedhi kwa mizunguko 2 au 3. Wengi umakini na hasira huwa vibaya zaidi siku chache kabla ya damu, hivyo msiilaumu dawa kabla ya kuangalia kalenda.

MshauriPwani:
Asanteni sana. Na kama mwanamume hasimamishi hata alfajiri, wala akiwa peke yake?

Nesi_Akili:
Huyo usimwekee ADHD mbele. Tatizo la umakini au la uhusiano kwa kawaida huacha usimamaji wa alfajiri ukiwa mzima. Apimwe sukari, shinikizo la damu na testosteroni kwanza, na orodha ya dawa zote anazotumia ipitiwe. Asinunue sildenafili (Viagra) dukani kabla ya hapo, na kama anatumia dawa za moyo za kundi la naitreti, asiiguse kabisa, maana shinikizo linaweza kushuka ghafla kiasi cha kumuua.

MfamasiaKariakoo:
Na zile "za asili" za kuongeza nguvu nazo aziache. Baadhi zimekutwa na sildenafili ndani bila kuandikwa kwenye pakiti.