Nimejifungua kawaida, mkojo unanitoka nikikohoa. Ningepasuliwa yasingenikuta?

Mama_Nasri
Habari zenu wapendwa, nipo Tanga, nina miezi minne tangu nijifungue mtoto wa kwanza, kawaida, nilisukuma mpaka nikaishiwa nguvu. Sasa nikikohoa au nikiinua ndoo mkojo unaponyoka, nikienda soko la Ngamiani lazima nivae pedi. Wifi angu anasema mimba ijayo niombe kisu. Eti ni kweli? Mume wangu sijamwambia, naona haya.

Shoga_Chumbageni
Pole shoga. Mimi wote wawili wa kisu na nikipiga chafya inanitoka vilevile! Mimba yenyewe inakalia ile misuli ya chini inayozuia mkojo miezi yote hiyo jamani.

Mkunga_mstaafu
Mwanangu wifi ako kasema nusu. Kuna utafiti mkubwa wa Norwei, 2003, wanawake zaidi ya 15,000: wenye shida ya mkojo walikuwa kama 10 kwa mia kwa ambao hawajazaa, 16 waliozaa kwa upasuaji tu, 21 waliozaa kawaida tu. Kwahiyo kisu kinapunguza ila hakiondoi, na kizazi kushuka nako ni hivyohivyo, wanaoumia zaidi ni wale mtoto alivutwa kwa vyuma. Ila kisu nacho kina yake, mimba zinazofuata kondo linaweza kung'ang'ania kwenye kovu ukamwaga damu nyingi mno, kwa hiyo usikiombe kwa sababu ya mkojo peke yake. Wewe anza mazoezi ya kubana misuli hiyo ya chini, bana hesabu mpaka tano au zaidi ukiweza, achia kabisa, mara kumi, asubuhi mchana na usiku, miezi mitatu usikate. Mkaja ni wa tumbo, huko chini haukusaidii. Na kama mkojo unachuruzika mfululizo hata umelala hiyo siyo misuli, inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nenda hospitali upesi, hospitali ya CCBRT Dar wanatibu bure. Na mumeo mwambie, hujafanya kosa lolote.

Mama_Nasri
Hapana sio mfululizo, ni nikikohoa tu. Ahsante sana bibi. Ila nikijaribu naona matako ndo yanabana, ndo yenyewe hiyo?

Mkunga_mstaafu
Siyo hiyo. Lala chali kunja magoti, fanya kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, utasikia inavutika kwenda juu kwa ndani. Matako na mapaja yalegee, na usibane pumzi. Ukishindwa kuipata muone mtu wa fiziotherapia akuelekeze.