Tupeane uzoefu: "although" na "but" ziliwahi kukuumbua wapi?

Wakuu, salaam. Juzi binti yangu wa kidato cha pili alipewa kazi ya kuunganisha sentensi mbili kwa kuanza na "Although". Kaandika: "Although it was raining, but we played." Mimi mzazi nikasema safi, peleka. Daftari likarudi, "but" imekatwa kwa wino mwekundu. Sasa kwetu "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulicheza" nani anashtuka? Nani mwingine yalishamkuta?

Kitunguu Swaumu: Hauko peke yako, mkuu. Nilisoma Guangzhou, darasa la Kiingereza tulichanganyika na Wachina, nao walikosea vilevile. Lugha yao pia huweka "ingawa" huku na "lakini" kule. Kiingereza kinataka moja tu. Ukiona sentensi imepwaya, tia "still", ndiyo "bado" yetu: "Although it was raining, we still played."

Fundi Redio: Mimi ni "despite of". Nimeiandika kwenye barua za kazi sijui ngapi. Tunatafsiri "licha ya" mpaka ile "ya" yake! Yenye "of" ni "in spite of". Halafu "Despite I was sick" nayo haipo. Ni "Despite being sick", la sivyo rudi kwenye "although".

Mapokezi Mstaafu: Hayo yenu ni ya daftarini, langu lilinitia kwenye ugomvi. Nilikuwa mapokezi ya hoteli Mombasa. Mgeni kafika saa nne asubuhi, kalipa chumba tangu wiki iliyopita, chumba bado kinafanyiwa usafi. Nikamwambia kwa upole kabisa: "Even if you have paid, the room is not ready." Akabadilika uso. "If? Unadhani sijalipa?" Akaanza kutoa karatasi moja moja, anazipanga kaunta, foleni nyuma yake inanitazama. Kichwani nilikuwa na "hata kama umelipa", ambayo kwetu inabeba yote mawili. Kwao "even if" inaacha shaka: huenda umelipa, huenda hujalipa. Jambo likishakuwa kweli ni "even though". Meneja ndiye aliyenifafanulia, baada ya kumpa mgeni juisi ya bure.

Bwana Shwari: Mnajitesa. Mvua ilinyesha, watu wakacheza, nani hajaelewa?

Fundi Redio: Anayesahihisha mtihani, Bwana Shwari.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni. Hiyo ya "even if" hata mimi naitumia ovyo kazini, leo nimeogopa. Binti nimemsomea ile ya "still", nikamwambia atunge yake. Kaniandikia: "Although Dad helped me, I still failed."