Uzi wa malalamiko: Kiwango cha Ksh kwa Tsh wanachotangaza sicho wanachotupa. Imetosha!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Nafanya biashara kati ya Tanzania na Kenya. Wateja wangu wananilipa shilingi za Kenya, mimi nalipa watu wangu kwa shilingi za Tanzania, na kila nikibadilisha nakatwa hela ambayo hakuna anayetaka kuieleza.

Juzi ndiyo wamenitoa kabisa kwenye reli. Duka moja la kubadilishia fedha pale mpakani limebandika ubaoni: kununua Ksh, 19.6. Nina Ksh 60,000 mkononi, nikapiga hesabu nikiwa bado kwenye foleni, Tsh 1,176,000. Nafika dirishani, yule dada anahesabu noti zangu, anabonyeza kikokotoo, ananisukumia Tsh 1,104,000. Namuuliza, dada, mbona ubao unasema 19.6? Anajibu hata macho hainui: "Hiyo ni ya noti za elfu moja, kaka. Wewe umeleta za mia mbili na mia tano. Hizi tunachukua kwa 18.4." Ubaoni hakuna neno hata moja kuhusu noti ndogo. Naomba risiti, mashine haina mtandao. Nyuma yangu watu wanasukumana, gari linasubiri, nikachukua nikaondoka. Tsh 72,000 zimekwenda kwa sentensi moja ya mtu ambaye hakuniangalia usoni.

Noti ya Ksh 200 ni pesa halali ya Kenya sawasawa na noti ya Ksh 1,000. Ukivuka geti tu dukani wanazipokea zote bila swali. Kama duka linataka kuzinunua kwa bei ya chini, liandike ubaoni, mtu achague mwenyewe. Kuficha bei mpaka mteja ameshatoa hela mfukoni ni wizi, na nitaendelea kuuita wizi.

Sasa najua kuna watakaokuja kuniambia "si uangalie mtandaoni kiwango ni kiasi gani". Naangalia kila siku, na hapo ndipo penye tatizo lingine. Ile namba inayotokea ukiandika Ksh kwa Tsh kwenye simu ni ya katikati, kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, tena kwa miamala mikubwa ya benki kwa benki. Mimi na wewe hatuuziwi kwa bei hiyo popote. Lakini kurasa nyingi za kubadilisha fedha haziliweki wazi hilo. Mtu anaona 20, anapanga bei ya mzigo kwa 20, anafika dirishani anapewa 18 na kitu, faida yote imeishia hapo.

Fanyeni jaribio hili kwenye karatasi. Tuseme kiwango cha katikati ni 20. Duka linanunua Ksh kwa 18.5 na kuuza kwa 21.5. Una Ksh 50,000, unazigeuza unapata Tsh 925,000. Safari imeahirishwa, unageuka dirisha lile lile dakika hiyo hiyo unaomba Ksh zako. Unarudishiwa 43,023. Karibu Ksh 7,000 zimeliwa, asilimia 14, na hakuna bidhaa iliyohama, hakuna gari lililowashwa, hakuna kodi iliyolipwa. Ndiyo maana mtu akikuambia kiwango chake, muulize vyote viwili, cha kununua na cha kuuza. Akikupa kimoja tu, ujue kuna kitu anakificha.

Halafu kuna hawa wa kutuma kwa simu na wale wa programu za kutuma fedha nje. Tangazo kubwa: TUMA KENYA BILA ADA. Ada kweli hakuna. Wameihamishia kwenye kiwango. Unatuma, unapata ujumbe "ada: 0", na kama hukugawa mwenyewe kiasi kilichotoka kwa kiasi kilichopokelewa huwezi kujua kwamba umekatwa asilimia tano. Ada iliyoandikwa naiheshimu, naweza kuilinganisha na ya mwingine. Hii ya kufichwa ndani ya kiwango mtu wa kawaida hana namna ya kuiona.

Benki nazo sizisamehi. Ukituma kwa benki mara nyingi hela yako haitoki Tsh kwenda Ksh moja kwa moja. Inageuzwa dola kwanza, wanakata. Dola inageuzwa Ksh, wanakata tena. Nchi jirani, mpaka mmoja, tunapita Marekani! Na hapa ndipo napandwa na hasira zaidi, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mfumo wake wa malipo, EAPS, uliozinduliwa rasmi 2014, unaounganisha benki kuu ili watu watume kwa sarafu zetu wenyewe bila kupitia dola. Nilipomuuliza ofisa wa benki moja kuhusu huo mfumo aliniomba nirudie herufi.

Lakini wakuu, kinachowapa hawa watu nguvu ya kutufanyia hivi ni kitu kingine. Wengi wetu hatujui hii namba 20 ilitoka wapi. Tumeikuta tumeizoea, tunazidisha kwa ishirini na kuendelea na safari. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanaamini ni cheti cha kwamba Mkenya ni bora mara ishirini kuliko Mtanzania. Pale mpakani nimesikia dalali anamwambia mama wa watu "hela yenu haina thamani, shukuru hata nimekupa hiyo". Na yule mama akashukuru. Iliniuma sana.

Kwa hiyo someni, maana shuleni hatukufundishwa hivi.

Hizi shilingi mbili zilizaliwa tumbo moja. Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, makao yake London. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa inatumia rupia ya India, na huku Mjerumani alikuwa na rupia yake, iliyogawanywa pesa 64 na baadaye, kuanzia 1904, heller 100. Bodi ilianza na florini mwaka 1920, haikudumu, mwaka uliofuata ikaja shilingi, florini moja kwa shilingi mbili. Zanzibar iliingia baadaye, 1936. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza, na dhamana ya shilingi hiyo iliwekwa kule London. Nairobi, Dar, Kampala, Unguja, noti moja.

Baada ya uhuru kila nchi ikaanzisha benki kuu yake, na mwaka 1966 zote tatu zikatoa noti zake. Sisi Juni, Uganda Agosti, Kenya Septemba. Shilingi moja ya Tanzania ilikuwa shilingi moja ya Kenya. Dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, iwe uko Mombasa au Tanga.

Na sasa sikilizeni hili, kwa sababu kila nikilisema watu wanabisha. Mpaka mwisho wa mwaka 1985 viwango RASMI vilikuwa bado karibu moja kwa moja! Dola ilikuwa kama shilingi 16 na nusu kwetu na kama 16 na kitu kwa Kenya. Nasema rasmi kwa sababu mtaani mambo yalikuwa mengine kabisa. Tulikuwa tumepigwa na bei ya mafuta, kahawa imeshuka bei, vita vya Kagera vimekula akiba, Jumuiya ile ya zamani imevunjika 1977 na mpaka wa Kenya umefungwa hadi 1983. Fedha za kigeni hazipo, lakini serikali imeshikilia kiwango kwenye karatasi. Magendo yakashamiri, na bei halisi ya shilingi ikawa ile ya gizani.

Mwaka 1986, wakati wa Mzee Mwinyi, tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kile kiwango cha karatasi kikaachiwa. Kufikia mwisho wa mwaka ule dola ilikuwa imepita shilingi 50. Mwaka 1990 ilikuwa inakaribia 200, wakati Kenya iko kama 24. Yaani ndani ya miaka mitano tumetoka moja kwa moja mpaka kama nane kwa moja. Sehemu kubwa ya pengo ilianzia hapo. Tulichelewesha marekebisho kwa miaka, yakaja yote kwa mkupuo. Kenya nao hawakupona, mwaka 1993 walipoachia soko shilingi yao ilianguka vibaya na ikagota miaka ya baadaye kwenye 50 na 60 kwa dola. Kufikia 2000 tulikuwa kama 10 kwa 1, na kufikia 2010 kama 18.

Kwa hiyo hiyo namba ni kumbukumbu ya lini nani alishusha thamani na kwa kiasi gani. Haisemi mshahara wako, haisemi bei ya kiwanja, haisemi uchumi wa nani unakua. Dola moja ni zaidi ya won 1,300 za Korea Kusini, na hakuna dalali anayemwambia Mkorea hela yako haina thamani. Zambia tarehe 1 Januari 2013 walikata sifuri tatu kwenye kwacha. Kwacha 1,000 ikawa kwacha 1, bei zote na mishahara yote vikakatwa hivyo hivyo, na hakuna aliyeamka tajiri wala maskini kuliko alivyolala.

Na hata hiyo ishirini haikai mahali pamoja. Chukueni 2024 peke yake. Januari dola ilifika karibu Ksh 160 kwa sababu Kenya walikuwa na deni la dola bilioni 2 la Eurobond, yaani hati za mkopo walizowauzia wawekezaji wa nje, linaloiva Juni na soko halikuamini kama watalipa. Sisi dola ilikuwa kama 2,500. Ksh 1 ilikuwa Tsh 15 na senti. Februari wakakopa upya kulipia lile deni, shilingi yao ikarudi mpaka kama 129. Yetu ikaendelea kushuka, kufikia Oktoba dola imepita 2,700, Ksh 1 ni kama Tsh 21. Desemba yetu ikapanda ghafla, dola chini ya 2,500, Ksh 1 ikarudi chini ya 20. Mwaka mmoja! Aliyekuwa anazidisha kwa ishirini Januari alikuwa anajidanganya kwa robo ya hela yake, na yule wa dirishani alijua.

Kuna hili la ankara pia nalisema haraka. Andikeni TZS na KES. Acheni kuandika "Sh" na "/=" kwenye biashara ya mpakani. Nimeona watu wawili waliosomeshana watoto wanakaribia kushikana mashati kwa sababu ankara ilisema "Sh 45,000" na kila mmoja alisoma ya kwao.

Ninachodai ni hiki. Ubao uonyeshe kununua na kuuza, na kama noti ndogo zina bei nyingine iandikwe pale pale. Risiti itoke na kiwango kiwe kimechapishwa juu yake, sio jumla tu. Kampuni za simu na programu zionyeshe, kabla sijabonyeza "thibitisha", kiwango chao kando ya kiwango cha katikati cha siku hiyo. Benki ziseme wazi kama hela yangu inapita kwenye dola. Benki Kuu ya Tanzania inachapisha viwango kila siku ya kazi, na ya Kenya pia, kwa hiyo hakuna wa kusema hana cha kulinganishia.

Na Benki Kuu yenyewe, tafadhali. Mwishoni mwa 2018 Arusha na mwanzoni mwa 2019 Dar, maduka mengi ya fedha yalifungwa kwenye ile operesheni ya kusaka utakatishaji wa fedha. Kama kulikuwa na utakatishaji, sawa, washughulikiwe. Lakini maduka yakiwa machache, aliyebaki anapanga bei anavyotaka. Masharti yamelegezwa baadaye, vizuri, sasa wakaguzi waje wasimame kwenye foleni kama sisi, na noti za mia mbili mkononi, bila kuvaa vitambulisho shingoni.

NYONGEZA: Nimeona mkuu mmoja hapo chini anasema tusubiri sarafu moja ya Jumuiya, haya yote yataisha. Ndugu yangu, itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala Novemba 2013 na lengo lilikuwa sarafu iwepo 2024. Sasa inasemwa 2031. Mimi nina mzigo Jumatatu.

Mwingine anasema niwatumie wale vijana wanaobadilisha wakiwa wamesimama barabarani, eti bei yao ni nzuri. Wakati mwingine ni nzuri kweli. Lakini hawana risiti, noti bandia ikitokea huna pa kwenda, na ni kinyume cha sheria. Sitaki kulazimishwa kuvunja sheria ili nipate bei ya haki.

Mwenye risiti ya wiki hii, ya duka, benki au simu, aweke hapa: tarehe, kiasi ulichotoa, kiasi ulichopokea, na mpaka gani. Namanga, Holili, Sirari, Horohoro, popote. Funika jina lako na namba zako. Mimi nitagawa moja baada ya nyingine na kuweka kando ya kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo hiyo, zikijaa za kutosha napeleka malalamiko rasmi kwa maandishi. Anayetaka kusaini pamoja nami aseme hapa hapa.