Mdogo wangu amerudi salama kutoka Somalia: nisaidieni kupanga shukrani

MwanaLikoni
Asalaam aleikum wanabaraza. Mdogo wangu ni mwanajeshi, amerudi mwezi uliopita. Aliponea chupuchupu kwenye doria huko Somalia. Mama alikuwa ameweka nadhiri tangu siku alipoondoka kwamba mwanawe akirudi mzima atachinja mbuzi. Ijumaa baada ya hii inayokuja tuna khitma na chakula hapa nyumbani Likoni, watu kama mia. Naomba kujua mambo mawili. Mchele na nyama ni kiasi gani? Na je, kuna ubaya mama akivaa kidani cha ukumbusho alichokuja nacho kijana? Nijibuni mapema, usingizi siupati.

Bizari_Nyembamba
Waaleikum salaam. Pilau ya watu mia ni mchele kilo 12, kilo moja hulisha wanane hadi kumi. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai atakupa kama kilo 11 za nyama pamoja na mifupa, na hiyo yatosha. Vitunguu kilo 4, viazi kilo 6, mafuta lita 2, bizari nyembamba robo kilo. Usipike sufuria moja. Kilo 12 zikikaa pamoja, wali wa chini hupondeka na wa juu hubaki na kiini. Gawa sufuria mbili za kilo sita sita. Vitunguu vikaange hadi viwe rangi ya kahawa, usivingoje viwe vyeusi, kwani vikiungua uchungu hauondoki hata uongeze nini. Maji yakikauka, punguza moto wa chini na upalie makaa juu ya kifuniko.

Ustadh_Kisauni
Kabla ya sufuria, kuna hukumu. Huyo mbuzi ni wa nadhiri, si wa karamu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu hapa pwani, mwenye nadhiri hali nyama yake, wala wale walio chini ya matunzo yake. Yote ni ya maskini. Kwa hiyo hesabu ya ndugu yetu Bizari inahitaji nyama nyingine kwa ajili ya jamaa na wageni wenye uwezo. Mnyama wa nadhiri awe mzima, asiwe kilema wala chongo, na mbuzi awe ametimiza miaka miwili kama wa udhuhiya, yule wa kuchinjwa Idi kubwa. Na wewe tueleze vizuri, mama alitamka nini hasa? Nadhiri hufuata maneno ya ulimi.

Bizari_Nyembamba
Basi nunua nyama kilo 11 mbali, na mbuzi apikwe sufuria yake. Usichanganye supu.

Fundi_Mikindani
Mimi nauliza hicho kidani. Ni kitu gani?

MwanaLikoni
Ni kipande cha chuma tu. Mama alisema "nitachinja mbuzi, na kile kilichomkosa mwanangu nitakivaa shingoni." Sonara wa mjini nimeshampa arbuni, atakichomea pete ya fedha kiingie kwenye mkufu. Nitavuka nacho na feri Jumatatu. Nyama nimewaelewa, shukran.

Fundi_Mikindani
Chuma kina majina. Ni kigae cha bomu? Kichwa cha risasi kilichopigwa kikapondeka? Ganda tupu? Au risasi nzima, ganda na kichwa pamoja? Jibu hilo kabla hujatoka nyumbani.

MwanaLikoni
Sikutaka kulisema hapa, lakini haya. Ni risasi nzima. Adui alimwelekezea bunduki karibu sana, akafyatua, ikagoma. Ndiyo hiyo. Lakini ndugu zangu, imeshagoma, imekufa. Na sonara ni mtu mzoefu, mama ameshawaambia jamaa wote, siwezi kumvunja moyo. Nilikuwa nauliza dini tu.

Fundi_Mikindani
Haikufa. Risasi hugoma kwa sababu kadhaa, na nyingi haziiui. Springi ya bunduki ikilegea, au grisi na mchanga vikijaa njia ya pini, pini hugonga fataki kwa nguvu ndogo. Fataki ni kile kiduara katikati ya kitako. Ikigongwa kidogo hubaki na dawa yake yote, na kipigo kingine chaweza kuiwasha. Ndani ya ganda mna kama gramu moja na nusu ya baruti. Baruti hiyo huwaka yenyewe kabla ya kufika digrii 200, na lehemu ya fedha ya sonara huyeyuka kupita digrii 600. Sonara ataishika kwa koleo, uso wake karibu, amewasha gesi. Nje ya mtutu kichwa hakiendi mbali, lakini ganda hupasuka vipande, na vipande ndivyo vinavyotoa macho. Usiipashe moto, usiitoboe, usiibane kwenye jiriwa, usijaribu kung'oa kichwa. Kuiloweka pia hakusaidii, fataki za kijeshi hupakwa vanishi zisiingie maji.

Wakili_wa_Barazani
Na sheria nayo ipo. Kenya, kukaa na risasi nzima bila kibali ni kosa, hata iwe moja. Ukumbusho si kibali. Pale feri mizigo hupekuliwa. Utashikwa ukiwa na risasi mfukoni, kisha uanze kueleza habari za nadhiri. Piga simu kituo cha polisi kilicho karibu, umwombe mkuu wa kituo, sema: nyumbani mna risasi nzima, twataka kuisalimisha, njooni muichukue. Usiibebe wewe. Wakija, omba namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, na uiandike. Kijana naye amwarifu mkubwa wake kazini kwa sababu ni mwanajeshi, na apate wakili kabla ya kuandika taarifa.

Bandarini_77
Samahani, mimi hadithi hii siiamini. Risasi ikigoma hubaki ndani ya chemba ya bunduki ya adui. Huyo kijana aliitoa wapi? Alimwomba?

Shungi_la_Kingowi
Hata mimi nilijiuliza. Watu hutunga ili wachangiwe mbuzi.

MwanaLikoni
Sijaomba hata shilingi humu! Mama yangu analia kila alfajiri kwa shukrani, nanyi mwaniita mwongo?

Bandarini_77
Sijakuita mwongo, nauliza. Kuna vipimo viwili. Cha kwanza, urefu. Risasi ya AK kutoka kitako hadi ncha ni milimita 56. Ya G3, bunduki ambayo jeshi letu limeitumia miaka mingi, ni 71. Ikiwa ni 71, basi huenda haikutoka kwa adui. Cha pili, kitako. Risasi iliyogoma ina kibonyeo cha pini kwenye fataki. Isipokuwa nacho, pini haikuigonga. Usiishike, nijibu kwa unayoyajua.

MwanaLikoni
Sonara alitaka kipimo, nikaiweka kando ya rula. Sentimita tano nukta sita. Picha niliyompelekea naitazama sasa. Kuna kibonyeo kidogo, si katikati, kando. Na ilivyopatikana: yule mtu alivuta koki kuitupa, akapigwa kabla ya kufyatua tena. Wenzake kijana ndio walioiokota.

Bandarini_77
Naomba radhi. AK hutupa upande wa kulia, kwa hiyo kuiokota kwawezekana. Lakini sikia: kibonyeo kidogo cha kando maana yake pini iligusa tu. Hadithi yako ikiwa kweli, basi risasi hiyo bado yaweza kulipuka.

Fundi_Mikindani
Iko wapi sasa hivi?

MwanaLikoni
Kwenye kopo la majani ya chai, rafu ya juu ya jiko.

Fundi_Mikindani
Juu ya moto unaopika?

MwanaLikoni
Pembeni kidogo. Naelewa.

Fundi_Mikindani
Zima moto, chakula kipikwe nje leo. Usilitikise kopo wala usilifungue. Fungeni mlango wa jiko, watoto wasiingie, upige simu.

Ustadh_Kisauni
Na mama aambiwe kwa upole. Nadhiri inayolazimu ni ya ibada. Mbuzi ni ibada, ni deni. Kuvaa chuma si ibada, hakumlazimu, na pakiwa na madhara haijuzu. Akiogopa kwamba alitamka, achague kafara ya kiapo kwa tahadhari: alishe maskini kumi. Sufuria ya mbuzi isihesabiwe humo, hilo ni deni mbali.

Dada_Mshauri
Nyote mmeuliza risasi, hakuna aliyeuliza kijana. Yeye mwenyewe anataka nini?

MwanaLikoni
Alimpa mama imefungwa kwenye leso, akasema ikae mbali naye. Tangu hapo haizungumzii. Analala sakafuni, mgongo ukutani.

Dada_Mshauri
Askari aliyenusurika mara nyingi hubeba shukrani na uchungu wa wenzake pamoja, na kumwambia "Mungu alikupenda" humkumbusha aliyekufa kando yake. Kwenye khitma usimpe maikrofoni, wala mtu asimtake asimulie. Marehemu wa kikosi chake watajwe kwenye dua, na yeye ndiye atoe majina akipenda. Mkalishe anapouona mlango. Waambieni vijana wa mtaa wasipige fataki za sherehe. Tarehe pia mwulizeni: 15 Januari ni siku kambi ya jeshi letu ya El Adde huko Somalia iliposhambuliwa 2016, 27 Januari ni ya kambi ya Kulbiyow 2017, na kila kikosi kina siku zake nyingine zisizoandikwa popote. Kutolala na kushtuka kukizidi mwezi, aende kwa daktari wa kambini au hospitali, na mtu wa nyumbani amsindikize.

MwanaLikoni
Polisi wamekuja, wawili. Wameichukua, namba ya OB ninayo, kijana ameshazungumza na mkubwa wake. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema sonara atengeneze kidani cha fedha tupu. Nilimuuliza kijana tarehe gani iandikwe, ile ya doria au ya kurudi. Amesema isiandikwe yoyote. Na amesema majina ni matatu, atamwandikia ustadh mwenyewe.

Bizari_Nyembamba
Mchele uroweke nusu saa, usizidi, kama ni basmati. Maskini wapakuliwe kwanza.