Ramani ya kanisa la kigango: kuba kama Haifa au paa la mgongo kama Ávila?

Isevya_kwetu: Tumsifu Yesu Kristo. Kigango chetu nje ya Tabora mjini kinajenga kanisa, msimamizi wetu Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Fundi kaleta ramani mbili. Moja ina kuba, kaiga Stella Maris, kanisa la Wakarmeli kule Haifa, Israeli. Nyingine ni paa la mgongo, matao matatu mlangoni na pembetatu juu, kama San José ya Ávila, Hispania. Kamati inapiga kura Jumapili. Mnashaurije?

MamaKwaya: Milele amina. Waamini wangapi? Kiwanja kikoje? Hela ipo au ni ahadi za harambee?

Fundi_Ujiji: Achaneni na kuba. Huku Kigoma kuna kigango waling'ang'ania kuba la zege, mimi nilikuwa kibarua pale. Zege likachanganywa kwa koleo, likamwagwa vipande vipande siku tofauti. Mvua za kwanza tu, maji yakapenya kwenye maungio, yakadondokea altareni. Misa inaendelea, beseni liko chini ya msalaba, ti, ti, ti. Wakapaka lami, jua likaipasua. Na mwangwi! Padri akisema "Bwana awe nanyi", anajibiwa kwanza na kuba. Mwisho wakafunika kwa bati, ukipita barabarani unadhani ni tangi la maji.

Katekista_mstaafu: Haifa wana sababu zao. Kanisa la zamani lilibomolewa mwaka 1821 kwa amri ya Abdallah Pasha, hili la sasa ni la 1836, la mawe, na altare iko juu ya pango la Nabii Eliya. Ninyi pango mnalo? Ávila ndiko Mtakatifu Teresa alikoanzia Wakarmeli Peku, tawi la Wakarmeli la maisha ya umaskini zaidi, mwaka 1562. Kanisa lenyewe alilichora Francisco de Mora, ujenzi ukaanza 1607. Halina makuu.

Binti_wa_Mwanga: Mzee, Peku hao hao si ndio wenye Santa Maria della Vittoria kule Roma? Marumaru mpaka dari, na sanamu ya Teresa aliyoichonga Bernini. Umaskini gani huo?

Katekista_mstaafu: Teresa alitaka nyumba ya watawa iwe ndogo, mbao zisirembwe. Kanisa alilitoa kwenye sharti hilo. Halafu kikanisa cha pembeni chenye sanamu hiyo alikilipia Kardinali Cornaro, si watawa.

MamaKwaya: Mimi napenda Lisieux, Ufaransa, basilika ya Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, mozaiki zile!

Katekista_mstaafu: Ile basilika, iliyoanza 1929, ni ya mahujaji. Masalia mengi ya Theresia yako kwa watawa, mjini.

MamaKwaya: Masalia yawe huko, yasiwe huko, kanisa ni lake!

Isevya_kwetu: Waamini kama 200, sikukuu wanafurika. Hela tutaongea pembeni.

Fundi_Ujiji: Basi hela hamna. Pigeni kenchi za mbao, bati geji 28. Tofali mnachoma wenyewe?

Isevya_kwetu: Wenyewe. Tanuri la kwanza nusu lilitoka bichi.

Binti_wa_Mwanga: Kuni mbichi hizo. Tafuteni mwembe mkavu, na kibali cha misitu mkate mapema.