Kijana wa kidato cha tatu amekutwa na bangi: tumhamishe shule?

Mama wa Barani (Malindi)
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mpwa wangu, ambaye mimi ndiye mlezi wake, amekutwa na misokoto ya bangi katika shule ya kutwa anayosoma hapa Malindi, na amerudishwa nyumbani hadi bodi ya shule itakapokutana. Amekiri kwamba alianza kutafuna muguka, ile aina ya miraa, akiwa kidato cha kwanza, pamoja na wenzake wa maskani, jambo ambalo mtaani kwetu hakuna anayeliita ulevi. Mjomba wake anataka tumpeleke shule ya bweni huko bara kabla habari hazijaenea, na mzee mmoja anashikilia kwamba ni hasadi ya watu. Majirani nao wameanza kuwakataza watoto wao kuja kwetu. Je, kumhamisha kutamsaidia, au tutakuwa tumeyahamisha maradhi tu?

Mwalimu Mstaafu
Waaleikumu salaam, dada yangu. Usikubali kumwondoa kimyakimya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu mwanafunzi afukuzwe kabla ya njia nyingine za kumrekebisha kumalizika, wala kabla ya yeye na mlezi wake kusikilizwa. Kwa hiyo nenda mbele ya bodi pamoja na kijana, na uombe apewe ushauri nasaha huku akiendelea na masomo. Huko bweni bangi ipo pia, ila huko hatakuwa na mtu wa nyumbani wa kumtazama machoni jioni.

Kijana wa Shela
Mwalimu amesema kweli, lakini shule ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, Serikali ya kitaifa ilisema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa miraa ni zao linalotambuliwa na sheria, na baada ya hapo mzazi anayemkataza mtoto hujibiwa kwamba hata Serikali imeruhusu, kana kwamba kinachoruhusiwa kuuzwa kwa mtu mzima kimeruhusiwa pia kwa mtoto. Sisi wenyewe tuna mizani ya ajabu: teja akiiba kuku hupigwa hadi azimie, anayetafuna muguka barazani huchekewa, na yule anayejulikana kuwa anauza kete za dawa za kulevya hupewa kiti cha mbele harusini kwa sababu ametoa mchango mnono. Watoto wanaona haya yote. Na angekuwa msichana, nina shaka kama swali hili lingeulizwa hadharani. Angeozwa au angefungiwa ndani.

Bi Mwanahawa
Mama wa Barani, mimi nilikuwa nikijitolea kuwashauri waraibu, basi niruhusu nitenganishe mambo mawili. Mji wetu umeijua heroini kwa miaka mingi, na ndiyo maana Omari Project, shirika la kuwasaidia waraibu, ilianzishwa hapa mwaka 1995, kisha methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ikaanza kutolewa katika hospitali ya Malindi mwaka 2015. Methadoni, hata hivyo, ni kwa waliozoea unga, yaani heroini, na dawa za jamii hiyo. Haitibu bangi wala muguka, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kijana akapangwe foleni huko. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kuzungumza naye bila kumtisha, amuulize anatumia nini, lini na kwa sababu gani, kwani wapo wanaotafuna ili wakeshe wakisoma na wapo wanaozima huzuni. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina nambari ya simu ya bure, 1192, na wewe mlezi unaweza kuipiga kabla yake. Dua msiache kumwombea, ila hasadi haiviringishi misokoto.

Mama wa Barani (Malindi)
Ahsanteni sana. Mjomba wake amesoma majibu haya na amekubali kunisindikiza kwenye bodi. Mwalimu, je, niandike barua ya kuomba ushauri nasaha mapema, au niseme kwa mdomo siku hiyohiyo?

Mwalimu Mstaafu
Andika mapema, uipeleke kwa mwalimu mkuu, na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri.